Kaske ya Papa Okito

Kaske ile ya kusikilizia muziki ilikuwa takataka, tusidanganyane. Plastiki nyeusi iliyopakwa rangi ya fedha, na jina kubwa la Ulaya limebandikwa ubavuni. Ukiivaa kichwani, mtu anayezungumza mbele yako unamsikia kana kwamba amefungiwa ndani ya pipa. Mchuuzi wa soko la Kindu alimwapia Falone kwa jina la mama yake mzazi kwamba ni mali ya Dubai. Falone hakubishana naye. Alijua anachonunua: vikombe viwili vya kufunika masikio, spika ndogo mbili na waya. Sauti angeitengeneza mwenyewe nyumbani.

Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imekaa mlangoni kwenye kiti cha mbao, imekunja miguu, inapepesa macho. Ndiye baba yake, Papa Okito, mstaafu wa gari-moshi na kiziwi anayejulikana mtaa mzima wa Mikelenge.

"Papa!" Falone aliita.

Mzee akaendelea kupepesa macho.

"PAPA!"

"Ee? Chai iko tayari?"

Chai haikuwa tayari. Kwa Papa Okito kila sauti iliyomfikia ilikuwa ya chai au ya chakula, na ajabu ni kwamba hajawahi kukosea kwa hasara yake mwenyewe. Habari ya deni haikumfikia. Habari ya mtu wa kusaidiwa kubeba maiti haikumfikia. Sahani ikigongana na kijiko nyumba ya tatu, mzee alikuwa amekwisha nawa mikono.

Mama Odile, mkewe, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Aliutua mchi akaitazama kaske kwa jicho la pembeni.

"Ile takataka njo nini tena?"

"Ni masikio ya papa, mama."

"Masikio iko nayo. Mawili. Nilimukuta nayo."

Akashika tena mchi wake. Odile hakuwa mwanamke wa maneno mengi, na machache aliyoyatoa yalikuwa na chumvi.

*

Ugeni wa mahari ya Falone ulikuwa unakuja Jumamosi. Mposaji aliitwa Bruno, mnunuzi wa madini kutoka Punia, mtu wa makamo mwenye mke mwingine huko huko Punia na mazoea ya kumtazama binti wa watu kama anavyotazama mfuko wa mawe, anakadiria uzito. Falone hakumtaka. Hakumtaka jana, hakumtaka leo, na alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu anayehusika. Lakini ni nani aliyemleta Bruno? Edouard. Baba mudogo Edouard, mdogo wake Okito, bwana wa shati la pasi na mdomo mpana. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma kutoka stesheni mpaka kivukoni. Majuma kadhaa kabla ya ugeni, Edouard alikuwa anapita mjini juu ya pikipiki mpya nyekundu ambayo, kwa haki, ilikuwa sehemu ya mahari. Mahari haijatolewa, yeye amekwisha kuipanda.

Sasa, katika ukoo wa Okito kuna desturi. Siku ya mahari binti hukalishwa mkekani kati ya shangazi zake, amefunikwa kitenge kichwani. Baba anamwuliza mbele ya watu: mwanangu, tule vitu hivi? Binti anajibu, na anajibu chini chini, kwa sababu anayepaza sauti siku ile huitwa msichana asiye na haya, na jina hilo halifutiki. Baba ndiye anayelisikia jibu na kulitangaza. Akishatangaza, imekwisha, hakuna anayefukua tena. Na kama baba hasikii, mdogo wake anasikia kwa niaba yake. Masikio ya Edouard yalikuwa tayari sana kwa kazi hiyo.

Falone aliyaona yakifanya kazi. Dada yake mkubwa, Espérance, alipokalishwa kwenye mkeka ule ule, Falone alikuwa ubavuni pake, goti kwa goti. Espérance aliulizwa. Akasema, "Hapana." Falone aliisikia. Shangazi waliisikia, wakatazama kucha zao. Okito akauliza, "Ee?" Edouard akasimama, akakohoa, akatangaza: "Mutoto amekubali!" Vigelegele vikapigwa, mbuzi akafunguliwa kamba. Leo Espérance yuko Lubutu, na kila anaporudi kusalimia anacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, maana hataki mtu aone pengo la meno aliyong'olewa na mumewe.

Papa Okito alilia siku alipoliona pengo lile. Alilia kweli, na machozi yalimshuka mpaka kidevuni.

"Sikusikia, mwanangu. Ningesikia, ningekataa. Haki ya Mungu, ningekataa."

Falone alimwamini. Mtoto amwamini nani, kama si baba yake? Toka siku ile alikuwa na wazo moja kichwani: kumbe shida ni masikio. Basi masikio yatatengenezwa.

*

Alikuwa na kibanda cha kuchajia simu karibu na stesheni, chenye paneli ya jua na betri ya gari, na kazi hiyo ilimfundisha kutoogopa nyaya. Simu yake ya zamani, iliyopasuka kioo, aliitia programu ya kukuza sauti. Unaiweka mezani, inakamata maneno ya watu, inayakuza na kuyapeleka kwenye kaske. Kifaa cha kweli cha kiziwi kilikuwa kinapatikana Kinshasa. Edouard alikwisha ahidi kukileta, na ahadi za Edouard, tumwachie Edouard.

Aliifungua kaske kwa kisu cha kumenyea mihogo. Ndani, aibu tupu. Spika imeshikizwa kwa tone moja la gundi, inatikisika kama jino la mtoto. Aliyeyusha mshumaa, akaizungushia nta ukingoni mpaka ikatulia. Plastiki ya kikombe ilikuwa inalia yenyewe kila sauti ilipopita, basi akakata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli akavibandika kwa ndani, na ile plastiki ikanyamaza. Sponji za masikioni zilikuwa nyembamba, sauti yote inavujia nje. Alizitupa, akakata nyingine nene kutoka godoro la zamani, akazishonea kitambaa laini ili zishike sikio pande zote.

Ilibaki kujaza nyuma ya spika kitu chepesi cha kunywa mwangwi. Pamba ya dukani ilikuwa nzito. Alitaka sufi, ile ya mito ya zamani, na mto wa namna ile aliujua uko wapi. Alikwenda kwenye ua wa miti unaotenga lupango lao, yaani kiwanja cha nyumba yao, na la jirani.

"Mama Claudine! Hodi!"

"Karibu, mutoto. Unatafuta nini?"

"Sufi kidogo, mama. Nilisikia iko na mto wa zamani."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kutengeneza kaske ya papa. Ili asikie siku ya mahari."

Mama Claudine, mwanamke mkavu mwenye nywele zilizokwisha kuwa nyeupe, alimtazama Falone muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akacheka, kicheko cha pua tu.

"Masikio ya Okito? Haya. Ngoja."

Aliingia ndani, akarudi na mto wa rangi ya udongo. Akaupasua mshono kwa meno, akachota sufi, akaitia katika kiganja cha Falone.

"Ni mto wa Rémy wangu. Chukua. Mimi nilimuita baba yako siku moja, karibu kuliko hivi tunasimama. Labda hii sufi itamukumbusha."

"Alikuwa hasikii, mama. Ile bomu ya vita..."

"Ndiyo. Ile bomu," Mama Claudine alisema, akageuka kwenda kuanua nguo zake.

Falone hakuuliza zaidi. Alikuwa na haraka, na mtu mwenye tumaini hapendi maswali. Lakini sisi hatuna haraka, tuseme ilivyokuwa.

Miaka ile ya vita mji ulikuwa umezingirwa. Muhogo wa Kailo hauingii, chumvi inapimwa kwa kijiko cha chai, askari wa huku wanamshuku kila mwanamume kuwa ni mtu wa wale wa porini. Mchana mmoja wa jua kali walimtoa Rémy nyumbani kwake. Rémy alifanya kazi na Okito kwenye gari-moshi, walikula sahani moja miaka na miaka. Mkubwa wa askari alikuwa mchovu, hakuwa hata na ukali. Alisema: kama kuna jirani mmoja atakayetoka aseme anamjua mtu huyu, tutamwacha. Claudine akashika ua wa miti, akaita. "Baba Espérance! Toka! Useme unamujua! Baba Espérance!" Aliita mpaka sauti ikakatika.

Okito alikuwa nyuma ya mlango. Masikio yake siku ile yalikuwa mazima kabisa, ya kusikia panya akitafuna gunia. Alikaa chini, akaegemeza mgongo kwenye mlango. Odile alimvuta mkono akiwa na mimba ya miezi mingi, na yeye akauondoa mkono wa mkewe kidole kwa kidole. Rémy alichukuliwa. Hakurudi.

Bomu lililomharibu sikio lilianguka majuma baadaye, upande wa mto. Liliharibu sikio moja, tena kwa sehemu. Lakini Okito alilipokea kama mtu anayepokea barua ya kazi. Akatangaza kuwa hasikii, na kuwa hasikii tangu zamani, akaurudisha ukiziwi wake nyuma mpaka ukaufunika mchana ule. Nani angempima? Hospitali haikuwa na hata sindano. Na kwa kuwa Mungu ana mzaha wake, miaka ilivyokwenda masikio yakaharibika kweli kweli, na mzee akawa mkweli bila kutubu.

Odile alijua. Alinyamaza, akazaa, akatwanga sombe.

*

Mara ya kwanza Falone alijaza sufi mno, na sauti ikafa kama mtu anayesemea chini ya blanketi. Akapunguza. Kisha akaziba matundu ya nyuma kwa sparadra, ile plasta ya vidonda, na kila mtu akawa na sauti nzito ya askofu, hata mtoto wa jirani akilia. Akaitoboa sparadra kwa sindano, akasikiliza, akaitoboa tena kidogo. Hatimaye sauti ikatoka safi, na hata mtu akinong'ona, neno linafika na ncha zake zote.

Alimvalisha baba yake. Kaske sasa ilikuwa kituko: sponji za godoro zenye maua mekundu, sparadra kila upande, nta imechuruzika. Aliweka simu mezani karibu na redio, akasogea mpaka mlangoni, akafunika mdomo kwa mkono.

"Papa, unasikia?" alinong'ona.

Okito akashtuka. "Niko nasikia."

"Nimesema nini?"

"Umesema, papa, unasikia."

Falone akaruka, akapiga makofi, akamkumbatia mama yake na mchi wake. Odile akamwacha akumbatie. Redio ikaanza habari: vita huko mashariki, watu wanakimbia na magodoro kichwani, wengine wamefika mpaka Kindu. Okito alisikiliza kidogo, uso ukamkunjamana.

"Zima hiyo kitu," alisema. "Afazali nilikuwa sisikii."

Walicheka, Falone zaidi ya wote. Odile hakucheka.

Kesho yake Edouard akaja na Bruno, pikipiki imeng'aa, vumbi mpaka ndani. Hawakubisha hodi. Walivuta viti, wakakaa, na Edouard akamwona kaka yake, anayemwita yaya, na lile dude kichwani.

"Yaya anasikiliza muziki sasa? Ha! Kiziwi na kaske, njo kama kipofu na kioo!"

Bruno akacheka, tumbo likacheka naye. Falone alikuwa anawamiminia maji. Simu ilikuwa mezani, kati ya bilauri.

"Lakini huyu mutoto," Bruno alisema, bila kuteremsha sauti, "nimesikia anasema sema hanitaki. Siku ile itakuwa namna gani?"

"Bruno! Usiogope. Unaona yaya? Yeye na hiyo kiti anakalia, ni kitu moja. Mutoto akisema ndiyo, nitasikia ndiyo. Akisema hapana, nitasikia ndiyo. Masikio ya hii nyumba njo mimi."

Falone alimtazama baba yake. Aliona shingo ikikaza. Aliona macho yakienda kwa Edouard, yakarudi chini haraka. Amesikia! Moyo wake ukapiga kwa furaha. Alimsubiri ainuke, apige meza, awafukuze wote wawili na vumbi lao.

"Chai iko wapi?" Okito aliuliza.

Falone alienda kuleta chai. Akiwa jikoni alijieleza mwenyewe, kama tunavyofanya sote tukimpenda mtu: mzee ana hila, hataki wajue, anaingoja siku yenyewe. Wageni walipoondoka alipiga magoti mbele ya kiti.

"Papa, umesikia?"

"Nimesikia."

"Yote?"

"Yote. Hata ile ya kiti."

"Basi siku ile utaniuliza, na mimi nitasema hapana. Utasikia vizuri. Utawaambia nini?"

Okito aliuchezea waya, akauzungusha kidoleni.

"Nikisikia, nitasema kile nimesikia. Mimi si mutoto."

Falone akaondoka anaimba. Odile alimfuata mpaka uani, akamshika bega, na ilikuwa mara chache sana kumshika mtu bega.

"Falone. Unamutengenezea mutu masikio. Haujamuuliza kama anayataka."

"Mama, nawe! Umesikia mwenyewe, ameahidi."

"Nimesikia," Odile alisema. "Mimi sikuzote nilikuwa nasikia."

*

Jumamosi lupango lilijaa. Turubai, viti vya plastiki, shangazi waliotoka Kibombo na harufu ya mafuta ya nazi, wazee wa gari-moshi waliokuja kula. Vitu vilipangwa katikati ili vionekane: vitenge, magunia ya chumvi, mbuzi, sufuria zenye karatasi bado, na ile pikipiki nyekundu ambayo mji mzima ulijua matako ya nani yameikalia. Nyuma ya Bruno walisimama vijana wake wa mgodini, mabega kama milango.

Papa Okito akatoka na suti yake ya harusi na kaske kichwani. Lo! Watu walijishika mbavu. Mtoto mmoja akauliza kama babu ni rubani. Edouard akajifanya anaona aibu kwa niaba ya familia. Falone alikuwa amekwisha weka simu kwenye stuli mbele ya mkeka, waya umefika mpaka kiti cha baba yake, akakaa kati ya shangazi zake, akafunikwa kitenge.

Hakuna aliyejua kuwa kile kituko kinafanya kazi. Kwa hiyo watu walisema, kama walivyozoea kusema mbele ya mzee, na yote yakamwingia. Shangazi mmoja: "Suti yenyewe anabakia nayo moja tu." Mwingine: "Angalia Odile, anakaa kama mwenye kufiwa." Mzee mmoja wa gari-moshi, aliyekaa nyuma ya stuli, alimwinamia mwenzake: "Siku ya Rémy hakuwa kiziwi, ule. Aulize mlango wake."

Kope za Okito zilicheza. Sikio halilali na njaa, wahenga walisema, na hili lililofunga miaka mingi lilikuwa linalishwa yote kwa mpigo mmoja.

Edouard akatoa hotuba. Tumfupishie: alisema familia, heshima, na Bruno ni mtu wa watu. Kisha akamwelekezea kaka yake mkono, kama anavyoelekezewa mtoto mdogo zamu yake ya kukariri. Okito akasimama, akakohoa.

"Falone, mwanangu. Tule hivi vitu?"

Chini ya kitenge Falone akainama kuelekea simu, akajibu kwa adabu yote ya ukoo wake, chini chini:

"Hapana, papa. Simutaki. Tafazali."

Lile neno lilipita kwenye waya, likapita kwenye nta na mpira wa baiskeli na sufi ya mto wa Rémy, likamfikia baba yake zima, halina pengo. Kazi ya Falone ilikuwa nzuri. Alilisikia kama amezungumza naye mdomo kwa sikio. Akamtazama Bruno, akawatazama wale vijana wenye mabega, akamtazama Edouard, ambaye alikuwa amekwisha nyanyuka kitini, amefungua mdomo.

Okito akainua mkono, akamzuia.

"Acha, Edouard. Kaa. Mimi mwenyewe nimesikia."

Mnong'ono ukapita uwanjani. Edouard akakaa, jasho likamtoka papo hapo. Chini ya kitenge Falone aliuma mdomo asicheke kwa furaha. Machozi yalimtoka. Baba yangu, alisema moyoni, baba yangu huyo.

"Mutoto," Okito alisema, akalivuta koti lake, "mutoto amekubali."

Shangazi wakapiga vigelegele. Edouard akapumua kama mtu aliyetoka majini, kisha akapiga makofi kuliko wote. Mlangoni mwa nyumba Odile alisimama na sinia la bilauri, hakupiga kigelegele, hakutikisika.

Falone alikaa pale chini, giza la kitenge limemfunika, akaelewa. Alielewa mto wa Rémy, na kicheko cha pua cha Mama Claudine, na Espérance anayecheka kwa kiganja. Siku zote zile za kuyeyusha mshumaa na kutoboa kwa sindano, alikuwa anatengeneza kitu ambacho hakikuharibika. Aliona haya. Haya ya ujinga wake, basi, wala si ile haya waliyomfundisha.

Akakitoa kitenge kichwani. Akasimama. Shangazi wa upande wa kulia akamshika nguo, "Kaa chini, weye!", Falone akaichomoa nguo yake. Alitembea mpaka kwa baba yake, akaivua ile kaske kwa mikono miwili, polepole, kama unavyoondoa sahani mbele ya mgeni aliyekwisha kula. Okito alimtazama kwa macho ya kuomba. Falone akamgeuzia mgongo, akawakabili watu, akavuta pumzi mpaka chini ya tumbo.

"HAPANA!"

Mbuzi aliruka kamba yake. Vigelegele vikakatika.

"Mimi Falone, nimesema hapana! Simutaki! Nimesema hapana, na huyu amesikia! Espérance naye alisema hapana! HAPANA!"

"Yesu Maria!" shangazi mkubwa alijishika kichwa. "Mutoto hana haya! Mutoto hana haya hata kidogo!"

Edouard aliinua mikono yote miwili. "Watu wangu, watu wangu, ni furaha tu, mutoto ana furaha, hakuna mutu amesikia kitu..."

"NIMESIKIA!"

Ilitoka ng'ambo ya ua wa miti. Mama Claudine alikuwa ameshika miti ile ile, kwa mikono ile ile, na sauti yake ambayo watu walidhani ilikatika zamani ilikuwepo yote.

"Mimi Claudine, muke wa Rémy, nimesikia! Amesema hapana!"

"Hata sisi tumesikia!" akaitikia mwuza mkaa barabarani. Na mwanamke mwingine, na mwendesha baiskeli aliyesimama kushangaa, na mmoja wa wale wazee wa gari-moshi, ambaye aliinuka na bilauri yake mkononi akasema bila kumtazama Okito: "Amesema hapana. Tumesikia sote."

Ukishafika hapo, hakuna ndoa. Neno lililosikiwa na barabara nzima halitangazwi upya na mtu mmoja. Bruno aliwaashiria vijana wake, wakaanza kubeba magunia. Sufuria zikabebwa na karatasi zake. Kisha akamwendea Edouard, akanyoosha kiganja mbele yake. Edouard akachekacheka, akatazama huku na huku, akajipapasa mfuko huu na ule kama mtu aliyesahau, na mwisho, mbele ya watu wote wa Mikelenge, akatoa ufunguo wa pikipiki. Alirudi kwake kwa miguu.

Lupango likabaki na viti. Falone alikuwa kwenye ua wa miti, amekwisha kuipasua kaske, anarudisha sufi kwa Mama Claudine kwa konzi, na wote wawili walikuwa wanalia na kucheka. Papa Okito alikuwa amekaa kitini pake, na suti yake, kichwa kitupu. Aliona midomo ikicheza pande zote. Akatega kiganja nyuma ya sikio.

"Ee? Odile! Wanasema nini?"

Odile alipita mbele yake na lile sinia la bilauri, halijaguswa.

"Chai," alimwambia. "Wanasema chai iko tayari."